Mkono Namba Saba

"Kosa," glavu ilisema kwa mara ya tatu asubuhi ile, kwa sauti ya binti mpole asiyechoka. "Kifundo cha mkono hakijakunjwa. Umefeli hatua ya nne."

Nyuzi zilizofumwa ndani ya glavu zililegea zote kwa pamoja, na taa ndogo ya kijani mgongoni mwa kiganja ikageuka nyekundu. Daktari Subilaga Mwaipaja aliuchomoa mkono wake kutoka ndani ya tumbo la mpira lililolazwa mezani, akaitazama taa ile kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekula nguo zake kambani.

"Nikodemu," alisema, "hii kitu inajua mimi nina umri gani?"

Nikodemu Fungo, msimamizi wa chumba cha marudio, ambako madaktari walipimwa upya, alikuwa akikunja taulo kwenye kona. "Inajua, Daktari. Hamsini na mbili."

"Inajua nimepasua wanawake wangapi?"

"Elfu tatu mia moja na kumi. Imeandika yenyewe."

"Basi na iandike na hili: siukunji."

"Haina sehemu ya kuandikia hilo, Daktari." Nikodemu aliweka taulo chini. Alikuwa mtu wa heshima, na ilimwuma kusema alichotakiwa kusema. "Mara tatu zimeisha. Imekufungia. Huruhusiwi kugusa mgonjwa mpaka ufaulu, na nafasi ya mwisho ni Ijumaa. Sasa, Daktari wangu, si ukunje tu? Mara moja. Sekunde kumi na nane, upite, halafu huko thieta, kwenye upasuaji wenyewe, ufanye unavyojua."

"Na huko thieta glavu itanyamaza?"

Nikodemu aliliokota taulo lake tena. Wote wawili walijua kwamba glavu za thieta ndizo hizi hizi, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kwamba zilichokufundisha mezani zilikukumbusha juu ya mgonjwa: zilivuta vidole vyako taratibu kuelekea njia iliyokubaliwa, na ukikaidi ziliandika.

Zamani haikuwa hivi. Subilaga aliukumbuka wakati ambapo daktari aliyetaka kuhuisha leseni alikwenda kukaa siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, akala sambusa, akasinzia mbele ya picha za ukutani, akatia saini na kurudi nyumbani na cheti, akiwa hajui lolote jipya. Glavu zilikuja kukomesha upuuzi huo. Bodi ya Marudio ya Tiba ilirekodi mikono ya madaktari bora, ikaficha majina yao isilete majivuno wala kesi, ikaipa namba. Daktari wa kisiwani na daktari wa milimani wakafundishwa na mkono ule ule. Subilaga mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, ila somo la leo lilikuwa likimfikia kwa mara ya kwanza.

Alizivua, akazitupa mezani.

"Ziokote vizuri, Daktari," alisema Nikodemu. "Zikidondoka nazo zinaandika."

* * *

Hospitali ya Lwangasi ilikuwa na wapasuaji wawili tu kwa wilaya nzima ya baridi na viazi. Wa pili alikuwa Daktari Imani Kasyupa, kijana wa miaka thelathini na moja, aliyefaulu marudio yake mwezi uliopita kwa alama tisini na nane. Alikuja chumbani saa nne, amejaa huruma.

"Shikamoo, Mama. Nimesikia."

"Marahaba. Hospitali nzima imesikia."

"Naomba nikuonyeshe. Ni kitu kidogo sana, utacheka."

Akavaa glavu zake, akauingiza mkono ndani ya tumbo la mpira. Somo lilikuwa la mama aliyesukuma kwa saa nyingi mpaka kichwa cha mtoto kikakwama chini kabisa, kwenye nyonga. Tumbo likishafunguliwa, daktari anapaswa kukitoa kichwa kile kwa juu. Kasyupa alikipitia kichwa kwa chini, akaukunja mkono kwenye kifundo, akakibinua kama mtu anayefungua soda. Mtoto wa mpira akachomoka.

"Sawa," ilisema glavu. "Sekunde kumi na nane."

Lakini Subilaga hakuwa anatazama kifundo. Alikuwa anatazama kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa Kasyupa. Muda wote kilikuwa kimesimama peke yake, kimenyooka, kama cha bibi harusi anayeshika kikombe.

"Kwa nini unakinyoosha kidole hicho?"

"Hiki?" Kasyupa alikitazama kana kwamba hakuwahi kukiona. "Ndivyo somo la Mkono Namba Saba lilivyo. Glavu inakivuta. Tuliosoma wote tunakinyoosha. Wanasema kinasaidia mizani."

"Nani anasema?"

"Watu wanasema tu, Mama."

Subilaga aliunyoosha mkono wake mtupu mbele ya uso wa kijana, akakunja ngumi. Vidole vinne vilikunjika. Cha mwisho kilibaki kimesimama.

"Nilipokuwa na miaka kumi na miwili dada yangu alinipiga na mtwangio kwa bahati mbaya, tunatwanga mahindi. Mfupa ulijiunga vibaya. Hakuna mizani yoyote hapo, mwanangu. Ni kilema."

Kasyupa alitazama mkono ule, akatazama wake. Halafu akaanza kucheka, na hakuweza kujizuia, akashika meza.

"Mkono Namba Saba ni wewe! Umefeli mtihani wa mkono wako mwenyewe!"

Subilaga alikumbuka. Miaka tisa iliyopita watu wa Bodi waliwapa madaktari thelathini glavu za majaribio wavae mwezi mzima. Alitia saini karatasi ndefu asiyoisoma, akapewa fulana. Hakuna aliyemwambia zaidi.

"Cheka umalize," alisema, "halafu nikueleze kwa nini niliacha."

Akamweleza. Miaka mitano baada ya zile glavu za majaribio, mkunga mkuu, Sista Melania Chengula, alimshika mkono bila kusema kitu, akampeleka kwenye nyumba ndefu nyuma ya wodi, wanakokaa akina mama wenye fistula, wale ambao mkojo unawatoka usiku na mchana bila kizuizi. Akasimama mlangoni, akawataja wanawake kumi na mmoja kwa majina. Wote walikuwa wamepasuliwa na Subilaga. Wote vichwa vya watoto wao vilikuwa vimekwama. Ukikunja kifundo, mkono wako unakuwa mtarimbo, na mtarimbo lazima uegemee mahali: unaegemea ukuta wa kizazi, ukuta unachanika kuelekea chini, na nyuma yake ndipo kibofu kilipo. Mtoto anatoka haraka, analia, watu wanashangilia. Mama anakwenda nyumbani. Siku ya tisa, siku ya kumi, anaamka godoro limelowa.

"Sasa nauacha mkono umenyooka na kunyanyua kwa bega. Ikishindikana, natafuta miguu ya mtoto, namtoa kwa miguu. Inachukua dakika mbili, tatu. Inachosha. Lakini hawavuji."

Kasyupa hakuwa anacheka tena.

"Mimi nimefanya arobaini na watatu kwa njia hii," alisema. "Sijapata hata mmoja aliyeharibika. Hakuna aliyerudi."

"Hata wangu hawakurudi kwangu," alisema Subilaga. "Wanaona aibu. Wanajificha. Wale kumi na mmoja, Melania ndiye aliyewafuata vijijini."

* * *

Ilimchukua Subilaga siku nzima na watu watano kumpata mtu wa Bodi mwenye mamlaka juu ya masomo. Wa kwanza alimpeleka kwa wa pili, wa pili akamrudisha kwa wa kwanza, wa tatu akamwomba aeleze tatizo kwa maneno yasiyozidi ishirini. Hatimaye, jioni ya Jumatano, uso wa Bwana Hamduni Matitu ulitokea kwenye skrini ya ukuta wa ofisi: mtu mnene kiasi, mwenye miwani na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Daktari Mwaipaja! Kwanza hongera. Mkono Namba Saba ndio wenye kasi kuliko yote tuliyonayo."

"Ndiyo maana mliuchagua?"

"Kasi, damu kidogo, na matokeo. Akina mama wote walikuwa salama."

"Salama mpaka lini?"

"Tunapima siku saba. Ndicho kiwango."

"Mkojo unaanza kuvuja siku ya tisa."

"Naelewa. Lakini baada ya siku saba faili linafungwa."

"Basi lifungueni."

"Tukipata ushahidi, tutalifungua."

"Ushahidi uko wapi?"

Matitu alikohoa. "Kwa utaratibu, ushahidi unatoka kwenye faili."

Subilaga aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Alipoinuka, karatasi ya dawa ilikuwa imemganda usoni, akaibandua.

"Bwana Matitu, mimi ndiye mwenye huo mkono. Nakwambia mkono wangu ni mbaya. Unahitaji shahidi gani zaidi?"

Ndipo Matitu alipokiweka kikombe chini, na sauti yake ikabadilika. Hakuwa mtu mbaya. Njia moja ipo, alisema. Mwenye mkono anaweza kuuondoa. Anaandika tamko, anakiri madhara, na angalau mama mmoja aliyeumia anatia saini kwa jina lake. Mkono unatoka siku hiyo hiyo.

"Tatizo, Daktari, ni kwamba ukitoka, kila aliyefundishwa nao anapoteza ruhusa. Madaktari mia nne na kumi na wawili. Hospitali sitini na moja hazina mwingine. Glavu zao zitajifunga mpaka turekodi somo jipya. Tukikimbia sana, siku kumi na tisa." Alimtazama moja kwa moja. "Mama akikwama siku hizo kumi na tisa, nani anampasua? Hao unaowasemea wanavuja, Daktari, lakini wako hai."

Subilaga alimshukuru, akaizima skrini. Lililomkera zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa akisema kweli.

* * *

Alhamisi, saa saba mchana, walimleta Yustina Sanga kwenye pikipiki ya magurudumu matatu kutoka bondeni. Alikuwa amesukuma tangu alfajiri. Sista Melania alimpima, akatikisa kichwa.

"Kimekwama. Thieta, sasa hivi."

Kasyupa alipasua. Subilaga, kwa kuwa alikuwa amefungiwa, alisimama hatua mbili nyuma, mikono ameifumbata kifuani kama mgeni. Walikuwa wamekubaliana: kijana angeunyoosha mkono, akatae kuvutwa.

Tumbo lilifunguka vizuri. Mkono wa Kasyupa ukaingia, ukapita chini ya kichwa. Kisha Subilaga aliona misuli ya mkono wa kijana ikishindana na glavu.

"Inanivuta," alisema Kasyupa.

"Kataa."

"Nakataa, Mama. Inavuta zaidi."

"Kifundo hakijakunjwa," ilisema glavu kwa upole. "Mapigo ya mtoto yanashuka. Tafadhali kamilisha hatua ya nne."

Kifundo kilianza kupinda chenyewe. Kasyupa aliuchomoa mkono haraka, akabaki ameuinua hewani, unatiririka maji na damu, kidole cha mwisho kimesimama.

Subilaga alijua anachotaka kusema, na alijua kitamgharimu nani. Yeye alikuwa amekwisha kufungiwa. Kijana huyu alikuwa na mke, na miaka thelathini ya kazi mbele yake. Kuvua glavu katikati ya upasuaji lilikuwa kosa la kufutiwa leseni.

"Kasyupa," alisema, "sikuamrishi."

"Basi usiniamrishe, nifundishe tu," alijibu kijana kwa hasira, na Subilaga hakuwahi kumsikia akisema kwa hasira. Akazivua glavu kwa nguvu, akazitupa sakafuni. Melania alikuwa tayari ameshika zile za mpira wa kawaida, amezifungua midomo.

"Vaa, mwanangu."

"Acha kichwa," alisema Subilaga. "Panda juu. Pitisha mkono mgongoni mwa mtoto. Unagusa nini?"

"Tako."

"Endelea. Tafuta mguu. Hakikisha ni mguu, usiniletee mkono."

"Nimepata kisigino."

"Cha pili?"

"Bado... bado... hiki hapa."

"Vuta vyote viwili pamoja. Polepole. Usiogope kuchelewa, kuchelewa ni kawaida. Polepole."

Dakika mbili na nusu. Sakafuni glavu zililalamika mpaka Melania akazisukumia chini ya meza kwa mguu. Mtoto alitoka mlegevu, wa kike, wa buluu; Melania akamsugua, akampulizia, akamsugua tena, na baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu, mtoto akakohoa na kulia. Kasyupa alichungulia ukuta wa kizazi kwa taa. Haukuwa umechanika kuelekea chini hata kidogo.

Nje, Nikodemu alikuwa akisubiri na fomu, uso umemsawijika. Lazima sababu ya kuvua glavu iandikwe, alisema, kabla ya saa kumi.

"Kanuni inasemaje juu ya glavu zilizoharibika?" aliuliza Subilaga ghafla.

Nikodemu alikuwa mtu pekee pale Lwangasi aliyewahi kuisoma kanuni yote. "Ya kumi na tisa. Glavu ikiharibika, daktari anaruhusiwa kutumia za kawaida kwa dharura, kwa siku zisizozidi thelathini."

Kisha Kasyupa akaichukua fomu, akaandika: *Glavu imeharibika.* Kwenye mstari wa aina ya uharibifu akafikiri kidogo, akaandika: *Inafundisha vibaya.*

"Siku thelathini," alisema Subilaga taratibu. "Bodi inahitaji kumi na tisa."

* * *

Ijumaa Subilaga hakwenda kwenye mtihani. Leseni yake ikalala. Kwa siku kumi na mbili alikaa kwenye ofisi ya Nikodemu akipiga simu, hospitali baada ya hospitali, akieleza kwa mdomo kile ambacho mikono ilizoea kuelezwa na nyuzi, pamoja na kanuni ya kumi na tisa. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwuliza yeye ni nani hasa. Mmoja alimkatia, akampigia tena baada ya saa moja, analia: alikuwa amekwenda mwenyewe vijijini kuwatafuta aliowapasua.

Siku ya kumi na tatu Melania alimpeleka kwenye ile nyumba ndefu. Elizana Mbilinyi, mwanamke wa miaka ishirini na saba, alikuwa akifuma sweta la mtoto karibu na dirisha. Alikuwa ameshonwa mara mbili na mshono haukushika. Subilaga alikaa kwenye kigoda, akasema alichokuja kusema, bila kuzunguka.

Elizana hakuacha kufuma. "Kwa hiyo ni mkono wako. Si kuchelewa kwangu kufika, kama nilivyoambiwa."

"Ni mkono wangu."

"Nilikuletea kuku."

"Nakumbuka."

"Kuku unamkumbuka." Sindano ziligongana. "Nikitia saini, mkojo utakoma?"

"Hapana."

"Mume wangu atarudi?"

"Hapana, Elizana."

"Sasa mimi napata nini?"

"Hupati kitu. Ni kwa watakaokuja. Wasifanyiwe nilivyokufanyia."

Elizana alimaliza mstari mzima wa sweta kabla ya kusema tena. "Lete hiyo karatasi. Na usilie hapa, Daktari. Ukilia itabidi nikubembeleze, na mimi nimechoka kubembeleza watu."

Akatia saini, jina lote, kwa herufi kubwa, akauliza kama ni lazima pia aandike jina la mume. Subilaga akasema si lazima.

"Afadhali," alisema Elizana.

* * *

Mkono Namba Saba uliondolewa Jumatatu. Bodi ilimsimamisha Subilaga miezi sita kwa kutumia simu ya ofisi kutoa mafunzo yasiyosajiliwa. Kasyupa alipewa onyo, kisha, wiki moja baadaye, barua nyingine ya kumwomba avae glavu za kurekodi. Aliijibu kwamba atavaa akihakikishiwa kuwa akina mama watafuatwa nyumbani kwa miezi mitatu. Walibishana naye siku nne, wakakubali.

Siku ya ishirini tangu mkono uondolewe, Bwana Matitu alipiga simu mwenyewe. Subilaga alikuwa nyumbani, anachambua maharage.

"Nimeona nikwambie mimi, Daktari, kabla hujaisoma. Somo jipya limetoka leo. Katika zile hospitali sitini na moja, hamsini na nane zilitumia kanuni yako ya kumi na tisa. Tatu ziliogopa. Zilisafirisha wagonjwa badala ya kupasua."

"Sema."

"Wawili walifia njiani."

Subilaga aliusukuma ungo pembeni. Alitaka kukasirika, ila hakupata wa kumkasirikia.

"Wanaitwa nani?"

"Hilo halimo kwenye taarifa."

"Bwana Matitu."

"Daktari, kwa utaratibu, wewe umesimamishwa, na taarifa za wagonjwa haziku—"

"Zinanihusu. Wewe ulinionya, na mimi nikauondoa mkono. Unayo majina hapo mbele yako. Nisomee."

Alisikia kiti kikilalamika upande wa pili, na mlango ukifungwa.

"Tabu Ngailo," alisema Matitu kwa sauti ya chini. "Miaka kumi na tisa. Na Oliva Mhagama. Thelathini na minne."

Subilaga aliandika nyuma ya bahasha ya Bodi. "Nani amezungumza na ndugu zao?"

"Sidhani kama... hakuna utaratibu wa hilo."

"Basi nipe namba."

"Utawaambia nini?"

"Sijui bado. Nipe namba."

Matitu alizitaja, tarakimu moja moja, na hakuuliza tena. Subilaga alikata simu, akanawa mikono, akaikausha, akapiga ya kwanza. Iliita kwa muda mrefu. Mwishowe sauti ya mzee ikaitika, na nyuma yake mtoto mdogo alikuwa akilia.

"Shikamoo, baba," alisema. "Naitwa Subilaga. Mimi ni daktari. Napiga kuhusu Tabu."